Perege kwa ndoano Nyumba ya Mungu: asubuhi niliyoipoteza na mchana ulionilipa

Mkuu uliyeuliza kama inafaa kutoka Moshi na fimbo moja ya kuvulia, ushinde bwawani Nyumba ya Mungu siku moja tu na urudi na perege wa kula nyumbani: inafaa. Waliokujibu kwamba pale bila nyavu na mtumbwi unapoteza muda, nadhani hawajawahi kukaa na boya. Ila mimi mara ya kwanza nilikaa zaidi ya saa tatu bila hata mmoja, na kosa lilikuwa langu mwenyewe, kwa hiyo nianze na hilo.

Ilikuwa Agosti. Mimi na shemeji yangu tulitoka na pikipiki saa kumi na moja alfajiri, tukaacha lami upande wa Mwanga, jua likatukuta kwenye vumbi, milima ya Upare ikiwa mgongoni. Kabla ya kugusa maji tulipita kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, pale mwaloni mitumbwi inaposhusha samaki, tukajitambulisha na kuulizia kibali. Hili usiliruke. Wenyeji wamechoshwa na wavuvi wa kokoro, ule wavu wa kukokota unaozoa hadi samaki wachanga, na mgeni anayejibanza kwenye matete na mfuko mgongoni lazima atiliwe shaka. Tena hao ndio watakaokuambia mamba kaonekana wapi wiki hiyo. Mamba wapo, viboko wapo. Ukiona mtu anavua huku kasimama kwenye maji ya magotini, usimuige.

Sasa kosa lenyewe. Lile bwawa ni kubwa, mkuu. Tangu likamilike mwaka 1965 linameza maji ya Kikuletwa na Ruvu, na likijaa linapita kilomita za mraba 100. Ukizoea kabwawa ka shambani unadhani popote utakapotupa ndoano samaki yupo. Nikachagua pahali pazuri kwa macho: kighuba kimetulia, upepo haufiki, maji meupe unaona hadi chini. Na chini nikaona mashimo ya mviringo kwenye mchanga, kama mabeseni, kila moja na perege wake anazungukazunguka. Nikamwambia shemeji leo tumefika.

Wale walikuwa madume wanaolinda viota. Perege dume akishachimba beseni lake kazi yake ni kufukuza wenzake na kungoja jike, tumbo halimshughulishi. Nyungunyungu wangu alikuwa anaanguka katikati ya kiota, dume anamsukuma nje kama mtu anayefagia uani, anarudi zamu. Tulifanya hivyo hadi saa nne. Shemeji akauliza, "Shem, hapa tunavua au tunaoga jua?"

Kilichotuokoa ni mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kukaza, na ng'ambo ya kighuba, upande ule mawimbi yanakopiga, mnandi kama kumi walikuwa wanazama na kuibuka. Maji ya huko yalikuwa yamechafuka, rangi ya chai ya maziwa. Mimi nilikuwa nimeukimbia upande huo makusudi. Kumbe upepo unasukuma maji ya juu, yenye joto na vile vijimea vidogo anavyokula perege, unavirundika ufukweni unakoishia. Mawimbi nayo yanachokonoa tope na kutoa wadudu. Perege mwenye njaa anafuata huko. Tukabeba vitu, tukazunguka.

Huko hatukutupa mbali. Hatua kumi kutoka ukingoni, kina cha kama mita moja na nusu, chambo kikiwa karibu kabisa na chini. Nilikuwa nimebeba kilo mbili za pumba za mahindi. Nililowanisha na tope kidogo zishikane, nikatengeneza matonge ya ngumi na kurusha matatu pale pale penye boya, halafu moja kila nusu saa. Usimwage zote kwa mkupuo, utawashibisha.

Ndoano ndipo wengi wanapokosea. Mdomo wa perege ni mdogo, na wewe unakwenda dukani unapewa ndoano ya sangara. Namba zikipanda ndoano inapungua, chukua 14 au 16. Risasi ya kuzamisha chambo, moja ndogo tu. Boya langu la dukani lilikuwa zito mno, halikusema kitu. Nikakata kipande cha kandambili kuukuu, kikafanya kazi vizuri zaidi. Perege hazamishi boya kama kambale. Linatetemeka, linatulia, halafu linateleza pembeni taratibu au linalala ubavu kwa sababu kainyanyua risasi. Likilala, inua mkono. Ukisubiri lizame utakuwa unalisha tu.

Chambo, nyungunyungu walishinda. Shemeji alitumia ugali uliokandwa na mafuta kidogo, naye akapata, lakini wadogo, na mawimbi yalikuwa yanaumomonyoa.

Kati ya saa tano na saa tisa tulitoa ishirini na tatu. Wasiofika kiganja tuliwarudisha, tukabaki na kumi na tano. Kambale mmoja alikata mshipi, na ndoano nne zilibaki kwenye nyavu kuukuu zilizotelekezwa chini, kwa hiyo beba za akiba. Baada ya saa tisa upepo ulizidi, boya halionekani, tukafunga.

Wakati wa kurudi tulipita tena mwaloni, mtumbwi mmoja ulikuwa unashusha samaki. Sakafuni mwa mtumbwi, katikati ya perege, kulikuwa na mayai ya njano yametapakaa kama punje za mtama. Majike huatamia mdomoni, na wakibanwa na wavu huyatema. Mzee aliyekuwa anakunja nyavu aliona ninavyoyatazama, akayasukumia majini kwa kopo la kukombea maji, bila kusema neno.

Ukienda mwezi huu, niandikie hapa ulikaa upande gani wa upepo.