Hakikisha Ni Yeye Kabla Hajasaini

Kazi yangu ni kuandaa mikataba, na siku hizi mingi husainiwa kwa simu au kompyuta bila wahusika kuonana. Wengi huniuliza kama saini ya namna hiyo inakubalika kisheria. Katika nchi nyingi inakubalika: Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2014 inayozitambua. Lakini katika migogoro niliyoishuhudia, hakuna aliyebishia sheria. Mtu alisema tu, "Mimi sikusaini."

Niliwahi kuletewa mkataba wa mkopo wenye mdhamini. Saini zote mbili zilikuwepo. Nikafungua kumbukumbu ya usainiaji, ule ukurasa wa mwisho ambao wengi hawausomi. Mkopaji na mdhamini walikuwa wamesaini kwa kupishana dakika chache, kwa anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti uliotumika, na simu ya aina moja. Huenda walikuwa wamekaa pamoja, nikawaza. Nikatafuta namba ya mdhamini kupitia kazini kwake, nikampigia. Hakuwa na habari yoyote. Barua pepe na namba ya simu vilivyoandikwa kuwa vyake vilitolewa na mkopaji mwenyewe.

Tangu hapo mawasiliano ya kila msaini nayachukua kwake mwenyewe, kamwe si kwa mwenzake anayenufaika na saini yake. Hili ndilo ningependa kila mtu alishike, hata asipofuata mengine yote. Kiungo kilichotumwa kwa barua pepe kinathibitisha kitu kimoja: kuna mtu aliyeweza kuifungua barua pepe hiyo. Kama namba ya siri ya mara moja nayo imetumwa kwa njia aliyoitaja mtu yuleyule, bado hujamhakiki yeyote.

SMS, ambayo mara nyingi ndiyo hubeba namba hiyo ya siri, nayo ina udhaifu wake, maana matapeli huweza kuihamishia namba ya mtu kwenye laini yao. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 iliiweka SMS kwenye njia za kutumiwa kwa tahadhari. Kwa fomu ya likizo inatosha kabisa. Kwa nyumba, mkopo au hisa, mimi hudai kitambulisho kilinganishwe na uso wa msaini akiwa mbele ya kamera, au saini yenye cheti cha dijitali, yaani uthibitisho wa kielektroniki unaoifunga saini na mwenyewe, kutoka kwa mtoaji aliyeidhinishwa, ambaye hana budi kumhakiki mtu kabla ya kumpa cheti. Cheti kina faida nyingine: waraka ukibadilishwa hata herufi moja baada ya kusainiwa, programu itaonyesha.

Simu ya video peke yake siiamini tena. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mfanyakazi wa kampuni moja huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video ambacho sura za wakubwa wake zilikuwa za kughushi. Nikiwa na shaka, nakata simu na kumpigia mhusika kwa namba niliyokuwa nayo tangu zamani.

Na nakala za vitambulisho tusizirundike. Nikishalinganisha, naandika kwenye jalada tarehe na aina ya kitambulisho, kisha picha naifuta, isipokuwa pale sheria inaponitaka niitunze.