Kabla ya kuomba kompyuta, tafuta tanki linalomwagika

Mara kwa mara napigiwa simu na mwalimu ambaye shule yake imepata msaada wa vifaa: kompyuta mpakato kadhaa, vishikwambi, pengine na sanduku la roboti za kuunganisha. Anataka kujua aanzie wapi ili wanafunzi wake wajifunze kwa vitendo kama tunavyohimizwa kila semina. Jibu langu huwa halimfurahishi. Namwambia avifungie kabatini kwanza, achukue daftari, azunguke eneo la shule na kuandika mambo yanayowakera watu. Darasa la bati ambalo saa nane mchana halikaliki. Bustani inayokauka kila likizo. Bwalo ambalo mgeni akihutubia, waliokaa nyuma wanaambulia mwangwi. Tanki linalomwagika.

Nafundisha Fizikia katika sekondari ya kata na nasimamia klabu ya sayansi. Miradi niliyoona ikifa imekufa kwa sababu moja kuliko zote: ilianza na kifaa, halafu tatizo likatafutwa baadaye ili kifaa kipate kazi. Mradi unaodumu una sifa moja ninayoitafuta kabla ya yote. Matokeo yake hayamsubiri mwalimu aje aweke tiki. Maji yakimwagika, kila mtu anaona kwamba bado. Mwanafunzi hawezi kubishana na dimbwi.

Nieleze huo wa tanki kwa kirefu kidogo, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Kwetu maji ya kisima hupandishwa kwa pampu hadi kwenye simtanki lililo juu ya mnara, na mlinzi ndiye anayewasha na kuzima. Akipitiwa, maji yanafurika, uniti za luku zinakwenda bure, na njia ya kwenda jikoni inakuwa tope. Swali kwa klabu likawa: mlinzi atajuaje kwamba tanki limejaa bila kupanda juu?

Majibu yalikuja mawili. Kundi moja lilitaka kengele ya umeme. Lingine likasema kopo tupu lielee ndani ya tanki, lifungwe kamba, kamba ipite juu ya kapi na kushuka nje ikiwa na jiwe dogo. Maji yakipanda, jiwe linashuka, na mlinzi anasoma kwenye ubao uliochorwa mistari. Kundi la kamba lilimaliza mapema na chombo chao hakili betri. Mwenzangu mmoja aliona huo si mradi wa teknolojia. Mimi naona ndio wenyewe, na ukimkataza mtoto jibu la bei rahisi kwa sababu halina waya, unamfundisha kupenda vifaa, humfundishi kufikiri. Udhaifu wa kamba ni kwamba usiku haionekani. Hapo ndipo kengele ilipopata kazi halali.

Kengele yenyewe ni transista moja aina ya BC547, rizista (kipunguza mkondo) ya ohm 1,000, baza ndogo, yaani kidude kinacholia, betri ya volti 9 na nyaya mbili zinazoning'inia ndani ya tanki, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Maji yakifika kwenye waya mfupi, mkondo mdogo sana unapita ndani ya maji hadi kwenye transista, na transista inaruhusu mkondo mkubwa zaidi kwenda kwenye baza. Fundi redio yeyote mtaani anavyo vitu hivyo, na ukimwomba kwa adabu atakupa transista kutoka kwenye redio zilizokufa. Wanafunzi walijaribu kwanza kwenye ndoo ya maji ya kisima. Ikalia vizuri. Wakajaribu kwenye ndoo ya maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati, ikalia kwa kunong'ona.

Sasa angalia kinachotutokea walimu hapo. Ulimi unawasha. Unajua kabisa kwamba maji ya mvua hayana madini mengi kwa hiyo hayapitishi umeme vizuri kama ya kisima, na sentensi hiyo unaweza kuisema kwa pumzi moja. Ukiisema, mradi umekwisha. Niliwapa multimita na pakiti ya chumvi, nikarudi kusahihisha madaftari. Chumvi ilipoanza kuingia kidogo kidogo kwenye ndoo, wakawa wanasoma mkondo unavyopanda na kubishana kama chumvi ndiyo inayobeba umeme au ndiyo inayofungua njia. Ubishi ule ndio mada ya ioni, yaani chembe zenye chaji zinazobeba umeme majini, na walikuwa hawajaifikia darasani.

Kisha kikatokea kitu bora zaidi. Tanki lilipojaa, mtu aliyechoshwa na kelele aliichomoa baza, akaacha betri na nyaya mahali pake. Mkondo mdogo ukaendelea kupita majini hadi betri ikaisha nguvu. Walipozitoa nyaya, mmoja ulikuwa umeliwa, umepungua unene, umefunikwa ukungu wa kijani. Mwingine ulikuwa safi. Swali langu lilikuwa fupi: kwa nini mmoja tu?

Nyaya zote zilikuwa shaba, kutoka kwenye kipande kimoja, kwenye maji yale yale. Kwa hiyo "maji yana kutu" haikutosha. Ilibidi wafuate nyaya hadi kwenye betri ndipo wakaona kwamba ulioliwa ndio uliounganishwa upande wa chanya. Wakarudia kwenye kikombe, wakageuza betri, na ulaji ukahamia upande wa pili. Vipovu vya gesi navyo vilikuwa vinatoka upande wa hasi. Huo ni mchanganuo wa umeme (electrolysis), yaani umeme kuleta mabadiliko ya kikemia, mada ya Kemia ambayo wengi huikariri kidato cha tatu bila kuona hata kipovu kimoja.

Na haikuishia hapo, kwa sababu shaba inayoliwa inakwenda mahali, na mahali penyewe ni maji ya kunywa ya shule. Ilibidi watafute kitu kinachopitisha umeme kisicholiwa hivyo. Walichagua vijiti vyeusi vya kaboni vilivyomo katikati ya mawe makubwa ya redio na tochi. Tahadhari hapa: fungua mawe ya kawaida ya zamani tu, vaa glavu, nawa mikono, wala usiwaruhusu kupasua betri za alkali au za simu. Wakaongeza pia swichi ili ikizimwa, betri yote inatengwa, si baza peke yake.

Sheria nyingine isiyo na mjadala: umeme wa TANESCO hauguswi kwenye mradi wa wanafunzi. Betri tu. Na juu ya mnara anapanda fundi.

Kuna walimu wanaosikia habari hizi na kudhani kujifunza kwa mradi maana yake ni kuwaachia watoto wagundue kila kitu wenyewe. Sikubaliani nao. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala inayotajwa sana hadi leo, wakieleza kwamba mwanafunzi mgeni wa jambo, akiachwa bila mwongozo wa kutosha, anabeba mzigo mkubwa kichwani na anajifunza kidogo. Nilichokiona kinalingana na hilo. Transista niliifundisha ubaoni, kwa chaki, kipindi kizima, kabla mtu hajashika waya. Hakuna mtoto atakayegundua transista kwa kuiangalia miguu yake mitatu. Kazi ya mwalimu ni kujua lipi la kusema na lipi la kunyamazia. Vitu vilivyoamuliwa na watu, kama mguu upi unaitwaje na rangi za rizista zinasomwaje, vitaje mara moja. Vitu ambavyo maji yenyewe yanaweza kujibu, nyamaza.

Baada ya hapo ndipo kompyuta inapokuwa na kazi. Klabu yetu ilipata micro:bit, kile kibao kidogo ambacho Uingereza kiligawiwa bure kwa wanafunzi mwaka 2016. Kina taa 25, vitufe viwili, na kinapima joto. Tulikitumia kwenye lile darasa la bati. Kipimajoto cha maabara kikasema hivi, kibao kikasema juu zaidi kidogo, na wanafunzi wakahitimisha kwamba kibao ni kibovu. Si kibovu. Kipimo chake kimo ndani ya chipu, kwa hiyo kinasoma joto la chipu yenyewe, ambayo ikifanya kazi inapata moto. Vijana walitengeneza jedwali la tofauti na kuandika programu inayoipunguza. Mtoto aliyewahi kusahihisha namba iliyotoka kwenye kompyuta hataiamini tena kompyuta kibubusa, na kwangu hilo lina thamani kuliko roboti inayozunguka ukumbini siku ya mahafali.

Kama huna vibao, una simu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo, lakini yako na ya mwalimu wa Hesabu zinatosha. Kuna programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na majaribio yake mengi hayahitaji intaneti ukishaipakua. Weka simu mbili umbali wa mita 5, zote kwenye saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Mtu apige kofi karibu na simu ya kwanza, kisha mwingine karibu na ya pili. Tofauti ya muda kati ya simu hizo ni kama sekunde 0.03, na hiyo ni safari ya sauti kwenda na kurudi, mita 10. Gawanya: mita zaidi ya 300 kwa sekunde, kwenye korido ya shule. Fanya wakati madarasa mengine yametulia, la sivyo simu itasimama kwa kikohozi.

Nikisema vifaa peke yake havisaidii, si kwamba nina wivu na shule zilizopewa. Peru iligawa kompyuta mpakato kwa watoto wa vijijini, na watafiti waliofuatilia zaidi ya shule 300 walitoa ripoti mwaka 2012: alama za Hesabu na lugha hazikubadilika. Watoto walizitumia kompyuta kweli kweli, ila ufundishaji ulibaki ule ule.

Makundi. Wanne, basi. Kundi la kumi lina wafanyakazi watatu na watazamaji saba. Na ukiwaacha wajigawie kazi, wavulana watashika bisibisi na wasichana wataandika ripoti kwa hati nzuri. Nimeona hivyo kila mara ambapo sikuingilia. Zungusha: aliyeandika leo, kesho ndiye mwenye koleo. Ndani ya kundi waache waongee Kiswahili watakavyo, kwa sababu hoja ya kwa nini waya umeliwa haitolewi kwa lugha unayoitafuta maneno. Ripoti wataiandika kwa Kiingereza baadaye, na utashangaa jinsi Kiingereza kinavyonyooka mtu akiwa na la kusema.

Usahihishe daftari, usisahihishe chombo. Chombo kinaweza kuwa cha baba, au cha fundi wa mtaani aliyelipwa. Jirani zetu Kenya, walipoanza mtaala wa umilisi nchi nzima mwaka 2019, malalamiko ya wazazi yalijaa kila mahali: kazi zinatumwa nyumbani, mzazi anahangaika usiku kutafuta manila na kuchapisha picha, mtoto amelala. Mradi ufanyike shuleni, kwa vifaa vya shule, vikiwa hafifu ni sawa. Daftari liwe na tulichodhani, tulichofanya, tulichoona, na kurasa zisichanwe. Mimi ukurasa wenye jaribio lililoshindwa likaelezwa vizuri huupa alama kamili, na huwa natangaza hivyo mbele ya darasa ili wasikie.

Wapo wanaodhani haya yote yametoka Ulaya na Marekani. Ni kweli John Dewey alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, lakini sisi tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, na Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule, siyo kulima tu. Shule nyingi zilibakiza jembe, maamuzi yakabaki ofisini, na jembe likageuka adhabu. Ukiendesha mradi ambao wewe ndiye umechagua tatizo, umechora mchoro na umegawa kazi, umerudi kwenye jembe lile lile hata kama mkononi mwa mtoto kuna kishikwambi.

Mkuu wa shule atakuuliza kuhusu mtihani, na ana haki. Usimjibu kwa falsafa. Mpelekee azimio la kazi ambalo limeonyesha wazi kwamba mradi wa tanki unabeba mkondo wa umeme, ukinzani, ioni na mchanganuo, na vipindi vipi vya kawaida utavifidia. Wathibiti ubora nao wakija wataomba karatasi hiyo hiyo. Omba vipindi viwili vilivyoungana, maana dakika 40 zinaishia kwenye kugawa vifaa na kuvikusanya. Na uombe kabla muhula haujaanza; ratiba ikishabandikwa ubaoni, mwalimu wa taaluma hakubali kuigusa tena.