Muulize Fundi wa Ndege: Ekzosi Inang'aa, Kichwa Kinauma

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na wenzangu watatu tunamiliki ndege moja ya viti vinne, injini ya silinda nne. Kwenye ukaguzi wa saa 100, fundi wetu amekataa kusaini mpaka avue koti la sailensa, na ameshatuonya tujiandae kununua nyingine. Nimeimulika mwenyewe kwa tochi: inang'aa, haina tundu. Nilichoona ni mchirizi wa unga mweupe wa kijivu kwenye silinda ya tatu, basi. Mwenzetu mmoja anasema ikikutwa na ufa tuichomelee tu, mambo yaishe. Je, fundi hatuingizi hasara bure? (Jambo dogo: asubuhi za baridi tukiwasha hita, wanaokaa nyuma hulalamika kichwa kinauma.)

JIBU: Marahaba. Hilo uliloliweka kwenye mabano ndilo lilistahili kuanza barua. Ndege isiruke mpaka fundi amalize kazi yake.

Hita yenu haina moto wake yenyewe. Hewa ya nje hupitishwa katikati ya sailensa na lile koti la bati lililoivaa, ikaota joto la chuma, kisha ikaja kabini. Sailensa ikipata ufa mwembamba kama unywele, moshi wa injini unapanda gari moja na hewa hiyo. Na wewe na tochi yako hukuiona sailensa, ndugu yangu. Ulichoona kinang'aa ni koti.

Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Hushika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushee. Huanza na kichwa, kichefuchefu, usingizi usio na sababu. Rubani anapogundua kwamba hafikiri sawasawa, akili ya kugundua nayo imeshapungua. Mwezi Januari 2019 ndege aina ya Piper Malibu ilianguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza ikiwa na mchezaji wa mpira wa miguu Emiliano Sala. Vipimo vilionyesha asilimia 58 ya hemoglobini yake ilikuwa imeshikwa na gesi hiyo. Mkihisi dalili hizo angani, fungeni hita, fungueni matundu yote ya hewa safi, tueni uwanja wa karibu. Na nunueni kifaa cha kielektroniki kinachopiga kelele kikinusa gesi hiyo. Zile kadi zenye kidoa kinachobadilika rangi huisha muda wake zikiwa bado zimebandikwa, na hakuna anayezitazama.

Sasa fundi wenu. Akivua koti ataangalia kwa kioo kidogo na tochi, hasa kandokando ya michomeleo na kwenye mikunjo. Kisha atafanya jambo ambalo mimi huliamini kuliko macho yangu: ataziba matundu, atapuliza hewa kidogo tu, kama paundi 2 kwa inchi ya mraba, na kupaka maji ya sabuni. Povu halina upendeleo. Viungio vinavyoteleza huvuja kidogo, hilo ni kawaida yake. Povu likitoka kwenye mwili wa sailensa, hakuna mjadala. Viungio hivyo navyo avijaribu kama vinacheza. Vikigandamana, bomba likipanuka kwa joto halina pa kwenda, linapasuka kwingine.

Asisahau kuchungulia ndani. Niliwahi kuhangaika siku mbili na ndege iliyokuwa ikipoteza nguvu kisha inarudi yenyewe. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikailaumu magneto, ile inayozipa plagi umeme wa cheche, isiyo na hatia. Mwishowe nikafungua sailensa na kuitikisa: ikalia kama kayamba. Vibati vya ndani vilikuwa vimekatika na kipande kimoja kilikuwa kinakwenda kuziba mdomo wa kutolea moshi, kikichoka kinaondoka. Kwa nje ilikuwa nzuri kabisa.

Mchirizi wa silinda ya tatu ni moshi unaovuja kwenye gasketi. Wekeni gasketi mpya, ya zamani isirudishwe, na uso wa flanji, yaani ukingo wa bomba unaofungwa kwenye silinda, ukaguliwe kama umepinda. Mkiuacha, moshi ule utakula aluminiamu ya silinda yenyewe, na hapo ndipo mtajua gharama ni nini.

Kuchomelea kunawezekana, ila katika karakana yenye idhini ya kazi hiyo, tena kama chuma bado kina unene. Chuma kilichokwisha ukikichomelea, ufa unahamia pembeni ya mchomeleo. Kwa sailensa yenye saa nyingi mimi ningenunua nyingine.

Na mkishavua, mwombe fundi akuonyeshe upande wa ndani wa koti. Kama ufa upo, huenda ukakuta umejichora pale kwa masizi.

SWALI: Fundi, niko mwaka wa kwanza wa mafunzo. Mwalimu ameninyang'anya penseli nikiweka alama kwenye bomba la ekzosi. Nimekosa nini?

JIBU: Ulichokosa wewe nilikikosa mimi, ila mimi sikunyang'anywa. Penseli huacha kaboni. Bomba likipata moto, na moshi wa pale huvuka nyuzi 700 za Selsiasi, chuma huinywa kaboni hiyo na mahali pale panakuwa pakavu, pepesi kupasuka. Mstari wangu ulikuwa wa sentimita tano. Bomba liliporudi karakanani lilikuwa na ufa uliopita juu ya mstari ule ule, umenyooka kana kwamba nimeukata kwa rula. Zinki nayo ni hivyo hivyo: usiguse ekzosi kwa brashi wala kifaa kilichopakwa zinki. Tumia chaki.