Filamu fupi ya Krismasi: nani atishe, nani achekwe

Vijana mnaoanza kazi ya filamu hapa Moshi, Desemba ikikaribia wengi wenu mnakuja na wazo moja: filamu fupi ya sikukuu, ya kutisha na kuchekesha. Wazo zuri sana. Mwezi huo Wachagga wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, nyumba kubwa zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, mbege, pombe ya ndizi, inapikwa, na jamaa wasioelewana wanalala chini ya paa moja huku makaburi ya wazee yakiwa palepale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba. Hofu na kicheko vyote vipo tayari. Shida inaanza mnapogawa nafasi. Bibi kizee mwenye macho mekundu anapewa uchawi, mlinzi wa Kimasai anachekwa lafudhi yake, dada wa kazi anakufa wa kwanza.

Kwa huyo bibi nawaomba mtulie kidogo. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kisa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lenye moshi. Ukiyasogezea kamera macho hayo na kuyawekea muziki wa kutisha, umekubaliana na waliowaua. Watu wenye ualbino ni hivyohivyo; mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji yao. Msiwafanye kitisho, hata kwa sekunde mbili.

Kitisho kitafuteni kwenye jambo ambalo familia haitaki litajwe mezani. Tuseme kuna shangazi aliyenyimwa kihamba kwa sababu ni binti, akafa bila kipande chake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini kwenye vikao vya ukoo mara nyingi hakuna anayeitaja. Usiku wa mkesha dada wa kazi anapanga sahani 12. Watu wakikaa, zipo 13. Anahesabu upya, kimyakimya, kwa kidole. Ile ya ziada ina nyama tayari, na nyama inapungua.

Kicheko mpeni baba mdogo aliyetoka mjini. Jioni anapita kihambani anapima eneo kwa hatua, simu sikioni, akijifanya ana maongezi ya biashara. Kila akirudia kupima, hatua zinapungua moja. Mtazamaji atamcheka kwa raha, maana huyu ana uwezo na tamaa yake ameileta mwenyewe. Na wanaoiona sahani ya 13 wawe dada wa kazi na mlinzi peke yao. Hao ndio wanaoijua nyumba ile miezi 11 ambayo wenyewe hawapo! Mlinzi aongee Kimaa kwa ufasaha na mwenzake wa jirani, mweke tafsiri chini ya picha, na maneno ya akili kuliko yote kwenye filamu yatoke hapo.

Mkiingiza mkwe Mwislamu kutoka Tanga, apewe shida yake na haja yake kwenye hadithi. Akisimama kutoa hotuba kuhusu kuishi kwa upendo, filamu imekufa hapohapo. Kwenye dakika 12 mhusika anajulikana kwa anachokifanya.

Kuhusu vifaa sina mengi. Damu ya rangi punguzeni, rekodini majani makavu ya migomba yakisuguana usiku, kwa maikrofoni nzuri mliyoazima. Sauti hiyo inatisha kuliko sura yoyote ya kupakwa. Msisubiri wiki ya Krismasi kupiga picha, kwa kelele za wageni hamtapata hata mstari mmoja safi. Kibali cha Bodi ya Filamu ombeni mapema, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakidai kabla ya kupiga picha, na filamu yenyewe inakaguliwa kabla ya kuonyeshwa.

Mkishahariri mara ya kwanza, kabla ya kumwonyesha mwongozaji mwingine yeyote, waiteni wadada wa kazi, walinzi na akina bibi wa mtaani. Kaeni pembeni mwangalie nyuso zao, msiangalie skrini. Mahali ambapo ninyi mlicheka na wao wameinamisha kichwa, kateni.