Polaraizesheni ya uongo kwenye kivuli: kagua mpangilio wa hesabu kabla ya kulaumu kamera

Mkuu, umesema kamera yako yenye vichujio vya nyuzi 0, 45, 90 na 135 juu ya pikseli inaonyesha polaraizesheni (kiasi ambacho mawimbi ya mwanga yanatetemeka kwa mwelekeo mmoja) kubwa kwenye vivuli, na hata ukichukua wastani wa ramani nyingi za polaraizesheni haishuki. Nimehangaika sana na jambo hili kazini, na sidhani kihisi chako ni kibovu.

Tazama hesabu yenyewe. Mwanga wa kichujio cha 0 kutoa wa 90 ni S1, wa 45 kutoa wa 135 ni S2. Unavipandisha kipeo cha pili, unajumlisha, unatafuta kipeuo, unagawa kwa S0, yaani mwanga wote (0 jumlisha 90). Kikishapandishwa, hakuna tena hasi. Zile chenga (mtikisiko wa nasibu wa thamani za pikseli) ambazo zingefutana, nyingine juu nyingine chini, zote zinahesabiwa kuwa polaraizesheni.

Chukua pikseli zilizokusanya elektroni 100 tu kila moja, yaani chaji inayotokana na mwanga. Mwanga wenyewe, kwa asili yake, unaleta mtikisiko wa elektroni kama 10. Hata mwanga huo usipokuwa na polaraizesheni hata chembe, ramani itakupa wastani wa karibu asilimia 9! Changanya ramani 16 za hivyo, utabaki na asilimia 9 ileile, ila sasa imelainika na inashawishi kama kipimo halali. Hili ndilo linaloniumiza nikiona matokeo ya watu. Ukianza na wastani wa picha ghafi 16, ndipo ukokotoe, inashuka hadi asilimia 2 na ushee. Mabaki yake, fanya kama wanaastronomia: punguza makadirio ya chenga kwenye jumla ya vipeo kabla ya kipeuo, na ikitoka hasi weka sifuri.

Gama (marekebisho ya kamera yanayopinda thamani za mwangaza) izime, bila mjadala. Picha ya giza, ile ya lenzi iliyofunikwa unayoitoa kwenye picha zako, ipigwe kwa muda na joto lilelile la kazi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakigharimu kitu: 0 jumlisha 90 lazima ilingane na 45 jumlisha 135. Tofauti ikitapakaa picha nzima kwa mpangilio usiobadilika, kagua usawazishaji wa pikseli. Ikikaa penye mwanga mkali tu, kuna pikseli zimejaa mwanga kupita uwezo wao. Ikifuata kingo za vitu, sababu ni kwamba pikseli nne za kundi moja hazitazami nukta moja, na kuongeza fremu hakutasaidia. Boresha ukadiriaji wa thamani kati ya pikseli, au usipime kwenye kingo.

Weka hapa picha ya tofauti hiyo tuione.