Kabla vigingi havijapigwa, nendeni kartie, ofisi ya mtaa

Pembezoni mwa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mambo hufuatana vilevile kila upande. Wachoma makala (makaa) wanamaliza msitu, watu wanalima mahindi misimu michache, halafu asubuhi moja unamkuta mtu na kamba anakata viwanja. Vichuguu vinageuzwa matofali, nyumba zinaota kabla ya barabara. Hapa kwetu Komini (wilaya ya mji) ya Annexe, inayozunguka komini nyingine zote, ndivyo mashamba yalivyokwisha, na unga wa bukari (ugali) tunautazamia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Wengi wanalaumu serikali ya Kinshasa. Mimi naona dawa iko karibu zaidi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola, yaani serikali, na haki yako juu ya kiwanja inathibitishwa na certificat d'enregistrement (hati ya usajili wa ardhi) tu. Lakini huku nje anayekata ni shefu wa kimila au mwenye shamba, na watu wanajenga kwa kikaratasi chake. Yeye kiwanja kinamlipa, barabara haimlipi kitu. Basi barabara inabanwa, na mahali pa shule panauzwa.

Kwa hiyo wahini mapema. Kwenye avenyu yetu, tuliposikia shamba la jirani linataka kukatwa, wazee na akina mama tulikwenda kwa shefu wa kartie kuomba mchoro wenye muhuri wa kadastre, ofisi ya upimaji ardhi. Haukuwepo. Tukaandika barua kwa bourgmestre, mkuu wa komini, kila nyumba ikatia saini. Nakala yenye muhuri wa mapokezi ilibaki kwetu, na hiyo msiichezee, maana bila muhuri mtaambiwa barua haikufika. Mpimaji alikuja, upana wa barabara ukawekwa, tukapanda miembe pande zote mbili ili mtu asisogeze ukuta usiku. Mahali pa shule tuliokoa nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeshauzwa.

Tangu uchaguzi wa Desemba 2023 kuna pia washauri wa komini waliopigiwa kura. Sheria ya 2008 kuhusu mamlaka za mitaa inawapa kujadili barabara za komini na mifereji. Mtafute wa kwenu, hata kanisani. Muulize kwa nini msitu unakatwa mbali huku ndani ya mji kuna viwanja vyenye ukuta miaka mingi bila nyumba, ilhali sheria inamtaka mwenye kiwanja akiendeleze.

Na wewe unayetaka kununua, usitazame bei tu. Uliza lori la zimamoto litapita wapi. Angalia kisima kiko umbali gani na choo cha jirani, kwa sababu maji ya bomba yanaweza kuchelewa miaka. Muuzaji akikuharakisha utoe avansi (malipo ya kwanza) Jumamosi, mwambie mtaonana Jumatatu ofisini kwa shefu wa kartie. Wengi hawaji.