Zile switi za kwenye pasel

Mwanangu,

Voisi noti yako nimeisikiza mara tatu, ya kwanza nilikuwa jikoni nikashika nusu, ya pili nikazima jiko nikakaa kitako, ya tatu babako akataka na yeye asikie. Umesema uliagiza dera mtandaoni, rider akakuletea mpaka mlangoni, kufungua boksi ukakuta kikaratasi cha asante na switi tano juu yake, moja imeyeyuka imegandana na kitambaa, na ulipokuwa ukiibandua na kucha ukashtukia machozi yanakutoka. Ukaniuliza, mama kwani nina nini mimi mpaka switi ya bure iniume hivi na miaka yote hii nimeshazoea? Alafu ukauliza, nimwandikie mwenye duka asinitilie tena ama ntaonekana mtu wa nongwa?

Ningekupigia lakini kwa simu najijua, ntaanza kukuuliza umekula nini na umepima sukari saa ngapi na maneno yenyewe yatapotea. Kwa hivyo soma.

La pili ndo rahisi. Mwandikie. Yule dada hakukusudia baya lolote, ile ni nyongeza tu, kama pale Marikiti ukishalipa machungwa unasema "na nyongeza je" muuzaji anakutilia moja juu, ama ukiwa mdogo unatumwa dukani unapewa peremende kwa sababu ya shilingi ya chenji iliyokosekana. Watu wa pwani tumezoea mteja asiondoke mkono mtupu na hilo ni jambo zuri. Lakini mtu akikukirimu kitu kisichokufaa unamwambia, si unamwambia mwenyeji wako asante mimi pilipili sili? Basi ni hivo hivo. Kuna ile sehemu ya maelezo ya oda, andika "tafadhali usinitilie switi, asante sana", yatosha, huna deni la kumweleza ugonjwa wako wa sukari mtu aliyekuuzia dera. Ukipenda kumweleza mweleze, labda ana wateja wengine kama wewe ama wazazi ambao pasel zao zinafunguliwa na watoto, na kama anataka kukupa kitu akutilie kipande cha udi ama pini ya mtandio, mbona vitu vidogo vya kumpa mtu raha ni vingi.

Na kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalioni mpaka waambiwe. Zile switi amezitoa kwenye pakiti kubwa, na maandishi yote yamebaki na pakiti kule kwake. Wewe unahesabu wanga kabla ya kudunga insulini, utajuaje ile moja ni gramu tatu ama ni saba? Mtu mwingine anatia mdomoni kongosho lake linafanya hesabu lenyewe, wewe hesabu ni yako na umepewa swali bila namba. Hilo wala si nongwa, mwambie.

Sasa la kwanza. Hili nimelilalia usiku mzima.

Mwanangu ule uchungu haukutoka kwenye boksi. Nadhani niliuweka mimi.

Ulikuwa na miaka minane. Ulikuwa unaamka usiku unakwenda kwenye mtungi unakunywa kata mbili tatu mfululizo, ukaanza kukojoa kitandani na ulishaacha tangu mdogo kabisa, sketi ya shule nikawa naifunga pini mbili kiunoni. Tukakupeleka zahanati moja wakasema ni malaria, tukarudi na dawa za malaria. Siku ya tatu ukawa unapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia na umelala tu, na mdomo unatoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, nyanyako ndiye aliyekunusa akasema hii si malaria twendeni. Kule hospitali kubwa wakakutoboa kidole, ile mashine haikuandika namba, iliandika HI, maana yake sukari imepita pale mashine inapoishia kuhesabu.

Daktari alinieleza vizuri sana na mpaka leo namwombea. Alisema askari wa mwili wako wenyewe wamezigeukia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini wakaziua, hii ni sukari ya aina ya kwanza, haiji kwa kula vitamu na haitokani na kitu mama alichofanya. Nilimsikia kwa masikio tu. Manake nikitoka wodini nakutana na watu wananiambia "mlimzoesha switi huyu", na mimi nikikumbuka mimba yako nilivokuwa nakula halua, wallahi karibu kila siku, basi nikajihukumu mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikafagia. Jemu, asali, biskuti, mabuyu, mpaka mkebe wa sukari ya chai nikaugawa, babako na nyanyako wakanywa chai kavu bila kuulizwa.

Alafu ikaja Idi. Ulikwenda uwanja wa Makadara na binamu zako, ukarudi na kile kipochi chako cha shanga kimejaa, na mimi nikakusubiri mlangoni nikanyoosha mkono. Mwaka wa kwanza ulilia. Mwaka wa pili ulibishana. Mwaka wa tatu sikunyoosha hata mkono, ulifika ukakifungua kipochi mwenyewe ukanimwagia switi zote kwenye meza ukabaki na pesa, ukapita ndani bila kusema neno. Nilifurahi siku hiyo, nikasema mtoto ameelewa, nikamsimulia na mamako mdogo kwa fahari. Leo nikilikumbuka lile jicho lako moyo unaniuma, manake sasa najua ulikuwa umeelewa nini. Ulielewa kwamba vitu ambavyo watu wanawapa watoto wanaowapenda, wewe havikuhusu.

Na zile karatasi za switi kwenye kiatu cha shule, unazikumbuka? Kumi na moja, umezikunja ndogo ndogo kama hirizi ukazisukuma mpaka kwenye vidole. Nilipiga kelele mpaka watu wa chini wakanyamaza. Nilikuita mwizi. Sikukuuliza hata kama ulidunga. Nakuomba msamaha kwa neno lile, sijawahi kuliomba na nimekuwa nikipita pembeni yake miaka mingi.

Usiku ulionifundisha wewe huukumbuki vizuri kwa sababu ulikuwa nusu upo nusu haupo. Ilikuwa kama saa nane, nilikusikia unazungumza peke yako, kukugusa umelowa jasho mgongo mzima, mikono inatetemeka, nikapima ikasoma 2.4. Nilijua ikishuka chini ya 3.9 unatakiwa kupewa sukari ya haraka, nilifundishwa na muuguzi na nilikuwa nimeandika kwenye daftari, ila nyumba yangu haikuwa na hata chembe. Nilifungua kabati zote na taa ya simu. Nikateremka ngazi miguu mitupu nikagonga kwa jirani nikilia, akatoka na leso ya kulalia akaelewa kabla sijamaliza, akarudi na switi za mwanawe alizopewa kwenye maulidi, ngumu zile nyekundu, nikazivunja kwa mchi nikakutilia mdomoni kidogo kidogo, ulikuwa bado unameza alhamdulillahi, manake ungekuwa umeshazimia ni hatari, mtu hatiwi kitu mdomoni. Nikakaa na wewe kitandani nikihesabu dakika kumi na tano kwenye saa ya ukutani. Ukafungua macho ukaniangalia, na ulipoonja kilichokuwa mdomoni ukaogopa. Ukaniambia "mama sikula mimi, sikuiba". Mwanangu, wewe ulikuwa unafufuka na unaniomba msamaha kwa switi.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma kwelikweli. Nikajua insulini iligunduliwa Toronto kule Kanada mwaka 1921, na mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa Januari 1922, na kabla ya hapo madaktari walikuwa wanawapa watoto wenye aina ya kwanza chakula kidogo sana, karibu na njaa yenyewe, ili wavute siku chache zaidi. Hawakuwa na njia nyingine maskini. Mimi nilikuwa na chupa ya insulini ndani ya friji, na stima ikipotea naiweka kwenye kijungu cha udongo kwa hofu ya joto letu hili, alafu bado nikawa nakulea kama mama wa zamani zile ambaye hana dawa. Insulini ilikuja ili mule. Sikusema ule kilo ya halua, lakini kipande cha kashata umekihesabu ukakidungia sindano yake, hicho ni chakula kama muhogo ulivo chakula.

Na mimi nilipolijua hilo sikukwambia. Nililegeza tu kimya kimya, nikaacha kunyoosha mkono, nikarudisha mkebe wa sukari jikoni, nikadhani utaona mwenyewe. Wewe ulikuwa umeshafika miaka kumi na mbili na ulishajifunza kukataa kabla hujaulizwa. Mtu anasambaza sahani ya kaimati wewe unasema nimeshiba. Naona hata sasa uko mtu mzima, una kazi yako na nyumba yako huko Nairobi, ukiona switi hujioni wewe unayejua kuhesabu gramu kuliko mimi, unaniona mimi mlangoni. Kwa hivyo usijiulize una nini. Huna kitu. Ulikuwa mtoto na ulinyang'anywa mbele za watu na aliyekunyang'anya alikuwa anakupenda, ndo maana ukakosa pa kupeleka hasira yake. Ilete kwangu. Nipigie unikaripie, sitakukatiza.

Ila zile tano usizitupe. Ile iliyogandana itupe, hizo nne tia kwenye mkoba ule wa kazini, mfuko wa mbele, sio chini kabisa na vitambaa. Siku sukari ikikushuka uko ndani ya matatu imekwama njiani utashukuru. Kumbuka chokoleti haifai sukari ikishuka, mafuta yake yanachelewesha sukari, na zile zisizo na sukari pia ni bure kabisa kwa kazi hiyo. Nusu chupa ya soda ya kawaida ile ndogo ya gilasi ni sawa, alafu dakika kumi na tano, alafu pima tena. Unajua yote haya, mimi nakwambia kwa sababu ni mamako.

Jana nimekutumia pasel na basi la usiku. Kuna mahamri, kuna stripu za kupimia sukari pakiti mbili nilizopata bei nzuri, kuna achari ya embe ya nyanyako ambaye amesisitiza usimpe mtu. Insulini sikuweka, lile basi kwa joto siliamini, nimekutumia pesa ununue huko huko. Na chini kabisa utakuta mkebe mdogo wa bati, ule uliokuwa wa sindano zako. Nimeujaza switi. Nilizinunua mwenyewe supamaketi, nikasimama pale na miwani nikisoma nyuma ya pakiti mpaka kijana wa duka akaja kuniuliza kama nimepotea, na juu ya kifuniko nimekuandikia na kalamu: moja gramu 4, ukishuka kula nne. Na mstari wa chini yake nimeandika: ukizitaka tu, zihesabu ule.

Wahi ofisi ya basi kabla ya saa sita, Jumamosi wanafunga mapema. Babako anakusalimu.

Mamako